Kiwanja Hutazamwa Mwezi wa Kumi

Picha mliyonitumia nimeiona. Mmekaa wanne juu ya jabali, miguu inaning'inia, Ziwa Singidani liko chini yenu limefura mpaka kwenye majani, na ng'ambo kule heroe wamelipaka ukingo rangi ya waridi. Chini ya picha mmeandika: Babu, tumepata pa kuhamia. Kisha mkaniuliza kama dalali anayewadai kianzio cha kiwanja ni mtu wa kuaminika.

Dalali nitamfikia. Kwanza tuongee habari ya mwezi mliopiga picha hiyo.

Wajukuu zangu, mlikuja Aprili. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Huanza kuelekea mwisho wa Novemba, zikakatika Aprili au Mei, basi, hadi mwaka mwingine. Mlifika siku ambazo ardhi imeshiba. Alizeti zimefunguka, pimbi wanaota jua juu ya mawe, na hewa ya huku, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina fukuto la Dar es Salaam. Mtu anayependa kutembea kwa miguu, kupanda majabali na kulala kwenye hema hawezi kukosa kupapenda. Hata mimi niliyezaliwa hapa, kila mwaka mwezi huo napapenda upya. Lakini mahali pa kuishi hapachaguliwi siku pamevaa nguo za sikukuu. Kabla hamjatoa hata shilingi moja, nawaomba mrudi mwezi wa kumi.

Mnajua nimefanya kazi ya maji miaka 31. Nilianza kwa kubeba mabomba nikamaliza nikiwa fundi wa visima. Nimechimba Ikungi, nimechimba Iramba, nimekesha Manyoni nikisubiri mtambo utoe tope badala ya vumbi. Kisima kifupi kile cha kando ya mbuga, mlichonawia mikono mkasema maji yako juu juu tu, kilikuwa na maji kwa sababu mbuga yenyewe ilikuwa imelowa. Oktoba mtawakuta akina mama hapo tangu alfajiri, ndoo zimepangwa foleni, mmoja ameshuka ndani anakwangua kwa kikombe, anasubiri maji yachuruzike, anakwangua tena. Mkae hapo saa nzima mhesabu ndoo zilizojaa. Hesabu hiyo itawaambia mengi kuliko ramani ya kiwanja.

Na maji yakiwepo, ulizeni yana nini ndani. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwenye vinywa vya watoto. Singida ni miongoni mwa mikoa ya nchi hii ambayo maji yake ya ardhini yana floraidi nyingi, kama ilivyo kwa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Floraidi haina rangi, haina harufu, na ulimi hauitambui. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni ugumu wa maji, ni kitu kingine kabisa. Kisima kinaweza kutoa maji maangavu na matamu, yakawa ndiyo mabaya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo mtoto huumia kabla ya mtu mzima, maana jino lake huharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Linapochomoza limeshakuwa na madoa ya kahawia, na dawa ya meno hailisafishi. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Mmoja wenu ana binti wa miaka miwili. Kumchemshia maji hakutamsaidia kwa hilo, kwani maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki palepale. Mkaa wa mifupa huichuja, na kule Ngurdoto, Arusha, kuna kituo ambacho kimeshughulikia kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Si kitu cha kununua mara moja mkasahau.

Kwa hiyo, kama mimi ndiye ninayehamia, ningeanza na paa. Paa la mita za mraba 100, katika mwaka wenye mvua ya milimita 600, hupokea lita 60,000. Nyingine hupotea, nyingine humwagika kabla hujawahi kuunganisha mfereji, lakini zilizobaki bado ni nyingi. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, siku 210 za kiangazi zinataka lita 21,000 ziwe zimeshahifadhiwa mvua inapokatika. Sasa piga hesabu ya matangi na msingi wake kabla ya kupiga hesabu ya baraza la kutazamia machweo. Nimewaona waliojenga baraza kwanza. Wananunua maji kwa dumu, na jioni hawana hamu ya kutazama kitu.

Upepo sitausemea sana, mtauona wenyewe. Wataalamu wa umeme wa upepo hawakuja Singida kupima kwa miaka yote hiyo bila sababu. Hema lenu la Aprili lilisimama juu ya jabali kama limepigwa msumari. Mwezi wa nane au wa tisa lingetafutwa bondeni. Wazee wetu walijenga tembe fupi, paa la udongo, ukuta mnene. Mtu akipita anaona umaskini tu, lakini zile nyumba zilikuwa zimejua upepo unatoka wapi. Msinijengee ghorofa ya vioo kileleni.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima usingizi.

Ule upenyo kati ya majabali mawili, mliosema hapa ndipo geti litakapokaa, mliutazama vizuri? Jabali la kushoto, usawa wa ubavu wa ng'ombe, ni laini na linang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Mawe mengine yote pale yanakwaruza kiganja. Lile halikwaruzi, kwa sababu ngozi za ng'ombe zimelisugua tangu kabla babu yangu hajapata jina. Hiyo ni njia. Aprili hamkuiona kwa sababu nyasi zimeifunika, na kwa sababu mvua ikinyesha ng'ombe hunywa popote penye dimbwi. Oktoba madimbwi hayapo. Saa nne asubuhi mtasikia kengele, kisha vumbi, kisha kijana wa miaka kumi na miwili mwenye fimbo na ng'ombe arobaini nyuma yake, wote wanapita kwenye geti lenu kwenda majini, na jioni wanarudi kwa njia hiyohiyo. Mkijenga ukuta pale, kijana yule atazunguka jabali lote juani, na mifugo itaingia kwenye shamba la mtu mwingine. Ugomvi wa mkulima na mfugaji hapa kwetu mara nyingi huzaliwa hivyo, na aliyeusababisha huwa amekaa ndani ya ukuta wake, anashangaa kelele.

Na yale majabali yenyewe mnayoyapenda, yana wenyewe. Mengine watu huyachoma moto yapasuke, kisha akina mama huketi na nyundo chini ya kipande cha turubai wakigonga kokoto, na kokoto hizo ndizo ada ya shule. Mengine ni ya matambiko, na hakuna atakayewaambia mpaka mmekwisha kupanda na kuimba juu yake. Ulizeni kwanza. Kuuliza hakujawahi kumnyima mtu wa Singida heshima.

Mimi nami niliwahi kutokuuliza. Mwaka 1993 nilijenga chumba na sebule karibu na ziwa, nikiwa mtu wa maji, kijana, nimejaa ujuzi. Mzee mmoja jirani alinyoosha kidole kwenye mstari wa magamba ya konokono mbali nyuma ya msingi wangu, akaniambia ziwa limewahi kulala pale. Nikamshukuru nikaendelea kupanga tofali. Ziwa Singidani, kama mwenzake Kindai, halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki mpaka jua likinywe, ndiyo maana maji yake yana chumvi, na ndiyo maana hupanda na kushuka lipendavyo. Zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 1997 kuingia 1998. Bibi yenu alitoka akiwa amebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani, maji yakiwa yamemfika magotini. Yule mzee alikuwa ameshafariki, sikupata hata pa kuombea radhi. Leo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini ukingo upi, wa mwaka upi? Mtafuteni mzee wa mahali hapo awaonyeshe ziwa lilikofika, kisha mpime kutoka hapo.

Mkiwa juu ya lile jabali asubuhi isiyo na mawingu, kaskazini-mashariki mtauona mlima Hanang. Mmoja wenu alisema angependa kuishi kwenye miguu ya mlima kama ule. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima ule ulishusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Siwalaumu waliokuwa wakiishi pale. Pale ni kwao, wengi walizaliwa hapo. Ninyi mna hiari ya kuchagua ambayo wao hawakuwa nayo. Itumieni kutazama makorongo kabla ya kutazama kilele, mjue maji ya mlima hupita wapi siku yakikasirika.

Anayetaka msitu asinidanganye kwamba atajenga karibu na Rungwa. Kule kuna mbung'o, na tembo huingia mashambani Manyoni na Itigi. Nendeni mkatembee, mnunue asali, mrudi.

Dalali sasa. Simjui, na sitamsema vibaya mtu nisiyemjua. Lakini kama kiwanja kiko ndani ya manispaa, karatasi yake inakaguliwa ofisi ya ardhi, si kwenye simu ya dalali. Na kama kiko kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu maana yake watu wote wazima, chini ya mti, mchana kweupe. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, hata ukigongwa mara tatu. Na ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya wote, kama malisho na mapito ya mifugo, halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu mmoja. Nendeni kwenye mkutano huo ninyi wenyewe. Msimame, mseme mnataka kuja kuishi, msikilize yule mama wa nyuma kabisa atakayeuliza, ng'ombe watapita wapi?

Ninyi mmekulia Dar es Salaam. Mnajua jinsi njia za kushukia pwani zilivyofungwa, ukuta mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto wa Mbezi anasikia bahari asiione. Kila aliyejenga pale aliipenda bahari kama ninyi mnavyoyapenda majabali haya. Zamani kidogo, pale Haydom, niliongea na Mnorwei mmoja aliyekuja hospitalini. Akanieleza kwamba kwao kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ya mwingine, mradi asiharibu kitu. Alilieleza kama jambo kubwa. Nikamwambia kwetu hatujaiandika, lakini kijana mwenye ng'ombe arobaini anaijua. Na ninyi mnaipenda Singida kwa sababu hiyohiyo: mlitembea siku nne, mkavuka mashamba ya watu, mkalala juu ya mawe ya watu, hakuna aliyewauliza mnakwenda wapi ila kuwakaribisha uji. Mkizungushia ukuta ekari mbili za mwanzo, atakuja mwingine baada yenu na ekari zake tatu.

Siwakatazi kuhama. Nataka mje, nyumba hii ni kubwa na mimi nazeeka. Nataka tu mje mkiwa mmeshaiona Singida ikiwa na kiu.

Treni ya SGR imewarahisishia. Tangu 2024 mnafika Dodoma saa chache tu, kutoka hapo ni basi. Njooni wiki ya pili ya Oktoba. Msibebe hema. Bebeni chupa sita safi zenye vifuniko vizuri, tutachota sampuli kwenye visima vitatu, mbilimbili, tupeleke maabara ya maji. Nitaongea na baba wa yule kijana, atuache tumfuate na ng'ombe wake siku moja nzima, kuanzia zizini hadi majini. Anaondoka saa kumi na mbili na nusu, na hasubiri mtu. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Miiba ya mgunga mwezi huo imekauka, inapenya raba.