Pembe katika Ngao: Juu ya Kuwafundisha Watoto Maana ya Nembo

Wahenga walisema: asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii ina hekima yake barazani, lakini darasani haifai. Kazi ya mwalimu ni kumwambia maana yule asiyeijua. Katika insha hii tunakusudia kutazama sehemu moja ya kazi hiyo, nayo ni kuwafundisha watoto maana ya nembo: Ngao ya Taifa, twiga ambaye ni mnyama wa taifa letu, na alama wanazovaa walinzi wa hifadhi zetu.

Kwa juujuu kazi hii ni nyepesi. Mwalimu hutundika picha ya Ngao ukutani, akaonyesha kwa fimbo: mwenge ni nuru ya uhuru; jembe na shoka ni zana za kazi; mkuki ni ulinzi; mawimbi ni bahari na maziwa yetu; mlima ni Kilimanjaro. Watoto huitikia kwa pamoja, wakaandika, wakashinda mtihani. Lakini tuseme kwamba katika darasa moja la Sumbawanga, asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, mtoto mmoja anainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, yule mwanamume na yule mwanamke wameshika pembe za ndovu. Je, ndovu wenyewe wako wapi?"

Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali la maadili, na mwalimu akilipuuza atakuwa amewafundisha watoto jambo moja baya, yaani kwamba alama za taifa ni za kukariri, wala si za kufikiriwa.

Tujiulize basi, nembo ni nini? Wako wanaosema kwamba ni pambo tu, kama ushanga shingoni. Sisi tunaona vingine. Pambo halimdai mtu kitu. Nembo humdai. Mlinzi wa hifadhi avaapo alama ya shirika lake hatangazi tu mahali anapofanya kazi. Anatoa ahadi mbele ya watu. Nembo, kwa hiyo, ni kiapo kilichochorwa, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuvunja kiapo ambacho hakuelezwa maana yake.

Fikra hii si ngeni katika nyanda za juu za Ufipa. Jina la Sumbawanga lenyewe huelezwa na wenyeji kuwa ni amri: sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Mgeni aingiaye mjini ameambiwa na jina la mji autupe uovu aliokuja nao. Tena, Wafipa wa zamani walikuwa na mnyama waliyemheshimu kuliko wengine, naye ni chatu, aliyehusishwa na mizimu ya nchi. Mtaalamu wa mila Roy Willis, katika kitabu chake cha Man and Beast cha mwaka 1974, aliwalinganisha Wafipa na chatu wao, Wanuer na ng'ombe wao, na Walele na kakakuona wao. Alionyesha kwamba mnyama ambaye jamii humchagua kuwa ishara huieleza jamii yenyewe. Hapakuwa na picha ya chatu iliyotundikwa ukutani. Heshima ilionekana katika namna watu walivyotenda walipokutana naye.

Kaskazini ya Ufipa iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, mwaka uleule ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 sehemu hiyo ni ya Mkoa wa Katavi. Jina hilo linatokana na Katabi, mwindaji ambaye, kwa imani ya Wabende, roho yake hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu wamezoea kuweka sadaka chini ya mti huo. Hebu tuangalie jambo hili kwa makini. Hifadhi inayokataza uwindaji imebeba jina la mwindaji! Mtoto akilisikia atacheka, na ni vema acheke, kisha aelezwe kwamba mwindaji wa kale na mlinzi wa leo wanahitaji kitu kimoja: wote wawili wanataka kesho wanyama wawepo.

Sasa turudi kwenye pembe. Mwalimu anayetaka kusema kweli hana budi kusimulia mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita pande hizi, kati ya Ziwa Tanganyika na pwani. Pembe ilibebwa mabegani mwa watu, na wengine kati ya watu hao waliuzwa pamoja na mzigo. La pili ni la zama zetu. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza ndovu kwa wingi, hata Serikali ikaendesha Operesheni Uhai mwaka 1989, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Hata hivyo balaa lilirudi. Kwa hesabu za Serikali, ndovu wa Tanzania walipungua kutoka kiasi cha 109,000 mwaka 2009 hadi kiasi cha 43,000 mwaka 2014. Katika miaka mitano tu, nchi yenye pembe katika ngao yake ilipoteza zaidi ya nusu ya ndovu wake.

Hapo patatokea mtu wa kutuonya: "Mkiwaambia watoto hayo, mtawavunja moyo. Wataidharau Ngao." Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu inatokana na mapenzi ya nchi. Lakini mapenzi yanayotegemea kutojua hayadumu. Mficha uchi hazai. Mtoto aliyefichwa atakuja kuyajua mambo hayo ukubwani, tena kutoka kwa mtu asiyelipenda taifa lake, na siku hiyo ataidharau Ngao na mwalimu wake pia. Yule aliyeambiwa mapema na mtu anayeipenda nchi atauona upungufu huo kuwa deni lake mwenyewe la kulipa.

Jambo hili si letu peke yetu. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilipata nembo yake mwaka 1951. Imechorwa kwa umbo la ncha ya mshale, na ndani yake mna nyati, mti mkubwa, mlima na maji. Ncha ya mshale ni kumbukumbu ya historia na ya watu wa kale. Lakini miaka 100 kabla yake, mwaka 1851, kikosi cha wapiganaji kiliingia katika bonde la Yosemite na kuwafukuza wenyeji wake. Mshale ukabaki katika nembo, wenye mshale wakaondoka. Nasi tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Mwaka 1959, chini ya utawala wa kikoloni, Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Basi kila nembo ina kilichochorwa na kilichoachwa nje, na elimu kamili hufundisha vyote viwili.

Vilevile tumkumbuke mtoto wa mkulima anayeishi kando ya hifadhi, ambaye shamba la mahindi la baba yake limeliwa na viboko au ndovu usiku mmoja. Mtoto huyo anapofundishwa kwamba mnyama ni fahari ya taifa, moyoni anajiuliza ni nani anayelipa gharama ya fahari hiyo. Mwalimu asimnyamazishe. Ikiwa nembo ni kiapo cha taifa zima, haki haiwezi kukubali kwamba mzigo wake ubebwe na kijiji kimoja.

Tunapendekeza basi njia hii. Kwanza, watoto waeleze wanachokiona katika nembo kabla ya kuambiwa maana yake. Pili, waelezwe maana iliyokusudiwa, kwa usahihi na bila kejeli. Tatu, waulizwe swali la yule mtoto wa Sumbawanga: je, tunatimiza? Nne, kila darasa libuni nembo ya kijiji chake. Watoto wa Ufipa wana mengi ya kuchora: tanuru za udongo ambamo mababu waliyeyusha chuma, msitu wa Mbizi, maporomoko ya Kalambo, matuta ya shamba. Wakimaliza, kila mmoja aseme nini amekiacha nje, na kwa nini.

Kama baada ya somo hilo mtoto bado atauliza ndovu wako wapi, mwalimu ajibu kwa ukweli: wengine tuliwapoteza, wengine wangali wako Katavi, na Ngao ile inatudai hao waliobaki.