Nani Auzaye Mji?

Tumepokea barua kutoka Boito, huko juu katika nchi ya chai ya Bomet. Mwenye kuiandika ni ndugu yetu mmoja wa Mombasa, aliyekaa huko miaka mingi akifanya biashara ya nguo. Jina lake hatulitaji, kwani swali lake si lake peke yake. Ni swali la nyumba nyingi za miji yetu ya pwani. Asema kwamba marehemu baba yake aliacha nyumba ya mawe katika Mji wa Kale, karibu na bahari. Warithi ni watatu: yeye, ndugu yake mwanamume, na dada yao mjane, ambaye ndiye akaaye humo. Sasa dalali amemletea mnunuzi wa mbali, atoaye bei ambayo hapana mtu wa mtaani awezaye kuitoa, kwa sharti moja tu: khabari isitoke mpaka mkataba utiwe sahihi. Yeye ana haja ya fedha kwa masomo ya wanawe. Lakini khabari imekwisha kuvuja, na watu wa mtaa wamekwisha kumpa jina la "muuza mji". Atuuliza: Je, kuuza kwangu ni haramu? Na hao wanilaumuo, wana haki gani juu yangu?

Twaanza na lililo wazi. Kuuza ni halali kwa nassi ya Qur'ani na kwa ijmai ya wanazuoni, na nyumba ni mali kama mali nyingine. Mwenye milki ana haki ya kuuza kilicho chake, awe na shida au asiwe nayo. Basi anayemwita mwenziwe jina baya kwa jambo ambalo sheria imemruhusu, na atazame ulimi wake kabla ya kutazama mkataba wa mwenziwe.

Lakini twamwambia ndugu yetu neno la pili: wewe una haki ya kuuza kilicho chako, wala nyumba ile si yako. Mirathi ya mtoto wa kiume ni mafungu mawili, na ya binti ni fungu moja. Nyumba yenu basi ina mafungu matano: mawili yako, mawili ya ndugu yako, na moja la dada yako. Hilo moja ni dogo kwa hesabu, lakini ni kamili kwa haki. Ni mara ngapi tumeona mwanamke aletewa karatasi jikoni, mkono wake una unga, akaambiwa, "Tia kidole hapa, dada, ni mambo ya nyumba"? Akatia kidole, na kumbe ameuza dari iliyo juu ya kichwa chake. Ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Na mwenye kula fungu la mjane hana haja ya kutuuliza sisi. Jawabu yake aijua.

Tena, washirika wa mali isiyogawanywa wana haki iitwayo shufaa. Maana yake ni kwamba mshirika mmoja akiuza sehemu yake kwa mtu wa nje, mshirika mwenziwe anaweza kuichukua sehemu hiyo kwa bei ile ile, kwa masharti yaliyotajwa vitabuni. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kwa riwaya ya Jabir, kwamba mshirika asiuze mpaka amjulishe mwenziwe. Naye Imamu Nawawi ameeleza kuwa kumjulisha huko ni jambo la kupendekezwa, na kuuza bila ya kumjulisha ni karaha. Basi lile sharti la dalali, kwamba khabari isitoke, lina makusudio gani? Biashara iliyo safi haiogopi mchana. Siri ile imewekwa ili mwenye haki asipate nafasi ya kuidai haki yake.

Ama jirani, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hana shufaa maadamu mipaka imekwisha kuwekwa. Imamu Abu Hanifa ndiye aliyempa haki hiyo na jirani pia. Lakini asiye na dai mbele ya kadhi huenda akawa na dai mbele ya murua. Amepokea Imamu Bukhari kisa cha Abu Rafi, aliyekuwa huru wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya boma la Sa'd bin Abi Waqqas, akaenda kumtaka avinunue. Sa'd hakutaka kutoa zaidi ya dirhamu 4,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi alikuwa amekwisha kupewa na mtu mwingine dinari 500 taslimu. Na hata tukihesabu dinari moja kwa dirhamu kumi tu, hizo ni dirhamu 5,000. Akamuuzia Sa'd kwa ile bei ndogo, akieleza kwamba lau si kumsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa sababu ya ukaribu wake, asingalifanya hivyo.

Kisa hiki twapenda kukihadithia tukimkusudia muuzaji: angalia, Abu Rafi alisamehe dirhamu elfu kwa ajili ya ujirani! Ni kweli. Lakini tusisahau upande wa pili. Sa'd naye alinunua. Hakukaa barazani akamsuta Abu Rafi kwa kutaka kuuza. Alitoa mali yake, japo kwa mafungu. Ujirani ulisimama kwa sababu mmoja alipunguza na mwingine alitoa. Sisi leo twamtaka muuzaji awe Abu Rafi, lakini hapana katika sisi atakaye kuwa Sa'd.

Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Tutazame Lamu. Mji ule uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, kama ulivyoingizwa Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000. Mawe yake yamehifadhiwa, na hilo ni jambo jema. Lakini nyumba nyingi, khasa za Shela, zimenunuliwa na watu wa mbali, wazitumiao kwa mapumziko au kwa kupangisha wageni. Hatusemi kwamba mgeni ni adui. Miji hii yote imejengwa na wageni waliokaa wakawa wenyeji, wakaoa, wakazikwa. Twasema juu ya nyumba ifungwayo sehemu kubwa ya mwaka. Wazee wa Lamu walijenga wikio, yaani chumba kipitacho juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili zinazokabiliana, ili mama na binti watembeleane bila ya kushuka mtaani. Wikio lingali lasimama. Lakini upande mmoja ukiwa na kufuli, litaunganisha nani na nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka kwamba asiye raia hapati ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Sheria yaweza kuihesabu miaka. Haiwezi kuijaza safu ya sala ya Alfajiri.

Na nyumba hizo hazikuchukuliwa kwa nguvu. Tuliuza. Tena tuulizane kwa uwazi tuliuza kwa nini. Wako waliouza kwa ugonjwa na kwa njaa, na hao Mungu awasamehe, nasi atusamehe zaidi kwa kuwaacha peke yao. Lakini wako waliouza kwa deni la arusi ya siku saba. Wako waliouza kwa sababu mirathi haikugawanywa tangu babu, wakawa warithi thelathini wasioweza kukubaliana kutengeneza paa, mpaka mvua ikawapatanisha kwa kuliangusha. Na wote hao, siku walipotafuta mkopo mwema mtaani, walipata nasaha. Siku walipouza, walipata laana.

Ndugu yetu wa Boito ameandika jambo moja ambalo limetukaa moyoni. Asema kwamba mzee mmoja Mkipsigis, jirani yake, alipoisikia khabari ya nyumba hii, alistaajabu. Katika nchi ile ya Kericho na Bomet, watu wanakumbuka vema jinsi serikali ya Kiingereza ilivyowatwalia ardhi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na jinsi mashamba makubwa ya chai yalivyoanza katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuuhamisha ukoo mzima wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mpaka leo watoto wa watu hao wanadai. Mzee yule akamwuliza: "Sisi tuliondolewa. Ninyi ni nani anayewaondoa?" Ndugu yetu asema hakuwa na jawabu.

Nasi twaliona swali lile kuwa zito kuliko lake yeye. Aliyenyang'anywa hubaki na dai, na dai humkusanya yeye na watoto wake. Aliyeuza kwa siri hubaki na risiti, na risiti haikusanyi watu.

Basi jawabu yetu kwa ndugu yetu ni hii. Mkatalie dalali sharti lake la siri. Mwandikie dada yako kabla ya mtu yeyote, umweleze bei yote bila ya kuficha, na umwulize atakaa wapi. Kisha mpe nduguyo khabari, kisha majirani na imamu wa msikiti wa mtaani, uwape muda unaojulikana, tena uwe tayari kupokea kwa mafungu kama alivyopokea Abu Rafi. Ikiwa muda umepita na hapana aliyenyosha mkono, uza fungu lako wala usiinamishe kichwa. Na ukiweza, sehemu ya fedha hiyo itie katika nyumba nyingine. Kwani imepokewa katika Sunan Ibn Majah, japo isnadi yake imesemwa, kwamba auzaye nyumba asiitie thamani yake katika mfano wake haibarikiwi kwake.

Na kwenu, enyi watu wa mtaa: gaweni mirathi zenu mapema, maadamu warithi ni watatu si thelathini. Mwenye uwezo na aweke wakfu, kama Sayyidna Umar alivyoiweka ardhi yake ya Khaybar, isiuzwe wala isirithiwe. Na kila msikiti uwe na mfuko wa akiba, hata ukianza kwa shilingi chache kila Ijumaa, ili siku jirani anapobisha hodi na shida yake apate mnunuzi au mkopeshaji kabla ya kumpata dalali.

Mpaka hapo mfuko ule utakapokuwako, jina la "muuza mji" tusimpe mtu mmoja. Aliyeuza ametia sahihi, nasi tuliokaa barazani tukatazama tulikuwa mashahidi wake. Wallahu aalam.