Mkate wa Wakfu na Jina la Chuo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Hamdu ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baadu:

Enyi ndugu Waislamu, na upigwe mfano wa kijana wa Ngarenaro, mjini Arusha, chini ya mlima Meru, ambaye baba yake ni mtu wa Pangani aliyehamia huko kwa biashara. Kijana huyo amejiwa na barua mbili. Moja yatoka chuo cha ufundi hapo hapo Arusha: mfadhili atamlipia ada na chakula, asome ufundi wa maji. Ya pili yatoka chuo kikuu chenye jina, Dar es Salaam, nayo ni ya ilimu hiyo hiyo. Lakini mkopo wa serikali aliopewa watosha nusu ya gharama tu.

Mama asema, "Mwanangu, shika kilicho mkononi." Baba asema, "Watu wa Pangani wataniuliza mwanao asoma wapi. Nitawajibu nini?" Naye yu tayari kuiweka rehani nyumba ya watoto wake kwa mla riba.

Hapa ndipo penye mtihani. Kutafuta ilimu ni ibada, na riba ni haramu bila khitilafu. Wala haramu haigeuki halali kwa kufanywa njia ya kheri. Mkopo wa Bodi ya serikali, iliyoanza kazi mwaka 2005, ulikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, na nyongeza hiyo ikaondolewa mwaka 2021. Lakini deni hubaki deni, na Mtume s.a.w. alikuwa akijikinga kwa Mola wake na uzito wa deni. Ikiwa yeye aliliogopa, ni nani wa kulichezea?

Na wazazi waitazame khabari ya Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake husomwa katika darasa za Pwani hata leo. Mwaka 649 wa Hijra (1251), naye ni kijana bado, alitoka Nawa akaenda Damaskasi pamoja na baba yake. Akasoma kwa muda kwa Sheikh Taju-ddin al-Fazari, mwanachuoni mwenye sifa. Lakini Sheikh huyo hakuwa na mahali pa kumkalisha mwanafunzi. Akamwelekeza kwa Sheikh Kamalu-ddin Is-haq al-Maghribi, katika madrasa ya Rawahiya, palipokuwa na chumba na mkate wa wakfu. Nawawi akakishika chumba kile, na mkate ule ukawa ndio chakula chake. Katika mwaka mmoja alihifadhi Tanbihi nzima na robo ya Muhadhabu. Leo watu hawaulizi alilala wapi; huuliza aliandika nini.

Wala haisemwi hapa kwamba chuo kikuu ni kibaya. Lau kijana angetaka utabibu, na chuo cha karibu hakiusomeshi, safari ingekuwa bora. Kwani Imamu Ghazali ameuhesabu utabibu katika faradhi za kutosheleza, akailaumu miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu. Lakini huyu ilimu yake ni moja kotekote, na haja yake iko mlangoni pake. Maji mengi ya Meru yana floraidi nyingi, hata meno ya watoto huwa ya kahawia na mifupa ya wengine hupinda. Mwenye kuyasafisha maji hayo ametoa sadaka kubwa, hata kama chuo chake hakijulikani Pangani.

Na matajiri nao wasikie. Aliyeiweka wakfu Rawahiya alikuwa mfanya biashara, Ibnu Rawaha, naye alikwisha kufa kabla Nawawi hajazaliwa. Alimlisha mtu asiyemjua, na Mungu anamjua. Basi mali inayoteketea kwa harusi ya siku tatu, sehemu yake na iwekwe wakfu kwa wanafunzi, ili baba asiwe na udhuru wa kubisha mlango wa riba.

Kijana na atake shauri kwa wajuzi, kisha asali istikhara. Na baba yake, akiulizwa Pangani, na ajibu, "Yuko Arusha, anajifunza kuwasafishia watu maji, wala hadaiwi na mtu." Jibu hilo halina aibu duniani wala akhera.

Mwenyezi Mungu atuepushe na riya na riba, na awape watoto wetu ilimu yenye manufaa. Amin. Wallahu aalam.