Nyongeza Isiyofika Nyumbani

Tangu tarehe 1 Mei 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Singida, mbele ya wafanyakazi waliojaa uwanja wa Bombadia, kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa 35.1%, yaani kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai, habari ya mishahara haijakatika vinywani mwa watu huku kwetu Bisibo, wilayani Biharamulo. Wala si ajabu, kwa kuwa katika kata ya wakulima wa mihogo, maharage na migomba, ambako fedha huonekana kwa misimu, mwalimu na mganga wa zahanati ndio aghalabu ambao mwezi ukiisha kila mtu hujua kwamba wameingiziwa kitu. Mwenye duka huijua siku hiyo kama imamu aijuavyo Ijumaa, na daftari la madeni hulala wazi juu ya meza tangu alfajiri.

Mimi hupenda hesabu itangulie shangwe. Katika zile shilingi 130,000 zilizoongezwa, mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua 5%, bima ya afya 3%, na kodi ya mapato 8% ya kile kinachosalia baada ya mchango wa pensheni, basi aliye katika kima cha chini kabisa hubakiwa na kama shilingi 110,000 mkononi. Aliyesomeshwa chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo ana taklifu nyingine, maana marejesho yake ni 15% ya mshahara nayo hupanda kila mshahara upandapo. Tena asilimia inayotangazwa jukwaani ni ya kima cha chini, si ya kila mtu: mwaka 2022 ilipotajwa 23.3%, wengi wa madaraja ya juu waliipigia hesabu mishahara yao yote, na Julai ilipofika wakafungua hati zao wakakuta nyongeza haba, zikapigwa kelele nyingi hata Serikali ikalazimika kutoa ufafanuzi. Waliokuwa wamekwisha kukopa kwa matumaini hawakurudishiwa na ufafanuzi huo hata senti moja.

Walakini hatari kubwa zaidi imejificha ndani ya kanuni iliyowekwa kwa huruma. Utaratibu wa utumishi hautaki makato yamwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, nayo ni sitara njema. Lakini mkopeshaji akiisoma kanuni hiyo huisoma kwa upande wa pili, kwamba theluthi mbili, yakitolewa makato ya lazima, ziko wazi kwake. Kwa hiyo kila shilingi tatu zinapoongezwa, zaidi ya moja imekwisha kufunguliwa mlango, na haupiti muda mrefu afisa mikopo, kijana mwenye adabu na shati lililonyooka, hushuka kwenye pikipiki uwanjani pa shule na bahasha ya fomu, akasema, “Shikamoo mwalimu, safari hii mshahara wako unakuruhusu.” Mkopo uliokuwa umebakiza miaka miwili hufungwa na kuzaliwa upya kuwa wa miaka saba, fedha zilizotiwa mkononi huishia kwenye bodaboda iliyokabidhiwa shemeji, au kwenye sherehe ya siku moja, na kuanzia hapo nyongeza hutoka Hazina ikaenda benki bila kumpitia mwenyewe, naye akabaki na fakhari tu ya kuitwa mtu aliyeongezewa. Theluthi mbili zikiisha huendwa kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, ambao huishika kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, na huko sina la kusema ila dua.

Sisemi mkopo ni haramu. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zilizosimama wilayani Biharamulo zimejengwa kwa mikopo, na wenyewe wanastaafu wakiwa na pa kulala. Ninalosema ni kwamba nyongeza iachwe kwanza ikae peke yake, mtu aendelee kuishi kwa mshahara wa jana kwa miezi minne au mitano, nayo iwekwe SACCOS au kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, mahali ambapo kuichukua kunahitaji kufikiri. Muda huo ukiisha, ndipo aamue kama anataka kukopa, akiamua kwa kinaa na si kwa pupa. Akiba haiozi.

Mkoa huu wa Kagera umekwisha kuonja jambo hili la kipato kupanda ghafla kwa namna kali kuliko mkoa mwingine wowote niujuao. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda kwa mamia ya maelfu walipolivuka daraja la Rusumo na kambi ya Benaco ikaota wilayani Ngara kana kwamba kwa usiku mmoja, mashirika ya misaada yalikuja na magari, redio za upepo na ujira ambao mwalimu au muuguzi wa Serikali hakuwahi kuuota. Wengine wakaacha madarasa na wodi wakaenda kuwa makarani, wakalimani na watunza ghala. Hatuwezi kuwalaumu, kwani mtu huifuata riziki. Lakini Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, mashirika mengi yakafunga virago, na hapo ikabainika nani aliuchukulia ule ujira kuwa ni mvua ya msimu akanunua shamba na bati, na nani aliuchukulia kuwa ni mto. Wa pili ndio walioteseka, kwa sababu matumizi yakipanda hayajui kushuka.

Kuhusu jamaa nitasema machache. Kuficha nyongeza kwa mke au mume ni jambo ambalo sijaliona likileta heri katika nyumba yoyote, na ndugu hawafichiki, kwa kuwa redio imekwisha kuwaambia. Ni bora kutenga kiasi cha ndugu na cha michango ya harusi na matanga, kijulikane, kikiisha kimeisha.

Limesalia la kazini, nalo husahauliwa. Katika shule zetu yuko mlinzi anayelipwa kwa michango ya wazazi, asiyemo katika orodha yoyote ya Hazina, na tangazo la Mei halikumgusa, ingawa sabuni na unga anavinunua katika duka lile lile ambalo bei zake zilijongea mara tu habari ziliposikika. Sisemi mwalimu amgawie mshahara wake. Nasema kamati ya shule ikikutana baada ya mavuno ya maharage, mwalimu mkuu aliyeongezewa Julai awe wa kwanza kusimama kuomba ujira wa mlinzi upandishwe, asingoje mlinzi ajisemee mwenyewe mbele ya wazazi ambao ndio majirani zake na ndio waajiri wake.