Mfugaji na Viumbe Wasio na Mwenyewe

Miongoni mwa hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, miaka sita kabla hajawaongoza watumwa waliokombolewa kuja kukaa Masasi, imo ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka huyo alikamata ndama, na watu walipokwenda kumshtaki, sultani akajibu kwamba paka ni mali yake na ndama ni mali yake, basi hapana wa kudai. Akakamata mbuzi, kisha ng'ombe, kisha punda, hata akaingia kwa wanadamu, na kila shtaka likapata jibu lile lile, mpaka siku alipowaua wana wa sultani mwenyewe, ndipo baba alipokiri kwamba huyo si paka tena bali ni nunda. Ndani ya masimulizi hayo mna mas'ala mazito ambayo dini na hekima haziwezi kuyapita: mtu afugaye kiumbe kwa mapenzi, dhamana yake juu ya kiumbe huyo hufika wapi, nayo hukoma wapi? Nauliza hapa Mtwara, ambako paka hatukosi katika nyumba yoyote na mbwa hatukosi katika mashamba ya mikorosho, kwa kuwa naamini kwamba wengi wetu, pasipo kujua, tungali tunajibu kama alivyojibu Majnuni.

Haki ya mnyama juu ya mwenyewe tumeihifadhi tangu utoto. Kila aliyekaa chuoni amesikia habari, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwachilie akajitafutie vijidudu vya ardhini. Na amesikia vilevile kwamba sahaba Abu Katada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kwamba mnyama huyo si najisi, kwa kuwa ni katika wazungukao majumbani mwetu. Mwanachuoni Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu alitanguliza kuwalisha na kuwatunza, hata wakiwa wamezeeka au wameugua kiasi cha kutotarajiwa faida yoyote kwao. Ndugu zetu Wakristo nao wamesoma katika kitabu cha pili cha Samweli habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, nabii Nathani akaifanya dhuluma iliyomfika maskini huyo kuwa hujja ya kumshtaki mfalme Daudi. Katika jambo hili hatuna khitilafu: anayemfunga kiumbe kwake amejifunga naye.

Lakini wanazuoni hawakuishia kwenye haki ya mnyama. Walitazama pia haki ya yule anayedhuriwa na mnyama. Katika *Minhaj at-Talibina* ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho kwa vizazi vingi kimekuwa tegemeo la fikihi ya Kishafii katika mwambao wetu, imo hukumu ya paka anayeharibu ndege au chakula cha watu: ikiwa paka huyo amekwisha kujulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hulipa, uwe usiku au mchana, na ikiwa hakujulikana nayo, hana la kulipa. Itazame insafu iliyomo. Paka hana taklifu, wala hapana amwitaye kadhini. Anayeitwa ni yule aliyemjua paka wake kuwa ni mzoefu wa kuua, naye akamwacha mlango wazi. Ujuzi ndio uliozaa dhamana, na udhuru wa kwamba mnyama amefuata maumbile yake haukukubaliwa, kwani maumbile ya mnyama ni sababu ya mwenye akili kuchukua hadhari.

Basi hapo ndipo ninapoliona pengo ambalo zama zetu zimelazimika kulitazama. Ndege aliyezungumzwa katika hukumu ile ni njiwa wa jirani au kuku wa mama fulani. Ana mwenyewe, na mwenyewe ana ulimi wa kudai. Je, kitwitwi aliyeshuka kwenye matope ya mlango wa Ruvuma, baada ya kusafiri kutoka nchi za baridi za Siberia, akiuawa na paka wa nyumba iliyo karibu na mikoko, ni nani atakayesimama kumdai? Ukisema kwamba hana mwenyewe, umesema neno ambalo hapana muumini anayeweza kulishikilia mpaka mwisho, kwa sababu Kurani, katika Sura ya An'am, imewataja wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa kuwa ni umma kama sisi tulivyo umma. Na kiumbe asiyemilikiwa na mtu hubaki katika milki ya Mola wake moja kwa moja, bila ya wakili wala mpangaji kati yao. Deni la jirani waweza kulilipa kwa shilingi au kwa kumwomba radhi. Deni hili utalilipia wapi?

Pwani yetu ina viumbe wa namna hiyo kwa wingi, na ndiyo sababu mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilomita za mraba 650 hivi, lenye mikoko, matumbawe, na fukwe ambazo kasa hupanda kutaga. Kasa jike hutoka majini usiku, hujikokota hadi juu ya alama ya maji makuu, huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, hutaga mayai mia moja au zaidi, meupe na ya mviringo, huyafukia, husawazisha mchanga, na kurejea baharini asirudi tena kuyatazama. Kwa muda wa siku hamsini hadi sitini hayana mlinzi ila mchanga wenyewe, na jua ndilo linaloyaatamia. Sasa mfikirie mbwa wa mkulima, aliyefugwa kwa sababu halali kabisa ya kuwafukuza nguruwe na tumbili shambani, ambaye magharibi ikiingia huachiwa azurure mpaka alfajiri. Hushuka ufukweni akifuata harufu, husimama, huzungukazunguka, hutia pua mchangani, kisha huanza kufukua kwa miguu ya mbele, mchanga ukiruka nyuma yake. Na kukipambazuka huonekana shimo lililo wazi, nyayo zilizotapakaa, na maganda yaliyonyauka. Kasa huchukua miaka ishirini, thelathini na zaidi kabla ya kufikia umri wa kutaga, na katika vifaranga wengi wanaoingia majini ni wachache mno wanaofikia umri huo. Kwa hiyo usiku mmoja wa mbwa mmoja ni hasara isiyofidiwa kwa msimu mmoja.

Atakuja msemaji aniambie kwamba Mungu ndiye aliyemwumba paka kuwa mwindaji, na kwamba tangu dunia iumbwe mwenye meno hula asiye na meno. Hujja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini mwenye kuitoa na aangalie jambo moja. Chui wa porini hukaa chini ya hukumu ya njaa: windo likipungua, naye hupungua, mpaka mizani ikakaa sawa, mizani ile ambayo Sura ya Rahman inatutahadharisha tusiipunje. Paka wa nyumbani hayuko chini ya hukumu hiyo, kwa sababu ndege wakiisha mtaani, bakuli lake jikoni halitaisha; atazaa vilevile, na watoto wake watatoka kuwinda wachache waliobaki. Bakuli hilo limetiwa na mkono wangu na wako. Kwa hivyo tusimsingizie Muumba yaliyo matendo yetu: uwindaji wa paka ni maumbile, ama wingi wa paka ni kazi ya wanadamu.

Na ushahidi wa yanayotokea mizani hiyo inapovunjwa haukosekani. Katika kisiwa kidogo cha Stephens, New Zealand, ambako walinzi wa mnara wa taa walikaa katika miaka ya 1890, paka waliofika pamoja na watu walimmaliza ndege mdogo wa kisiwani, na miaka michache ikatosha kumfuta katika uso wa dunia. Hapa petu Tanzania, mwaka 1994, ugonjwa wa distempa, ambao wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti, uliua simba wapatao elfu moja, karibu theluthi ya simba wote wa mbuga hiyo. Na mbwa hao hawakuwa na kosa lolote ila kutopata chanjo. Ukanda wetu wa Ruvuma, unaoelekea Selous na Niassa, ungali na mbwa mwitu, ambao ni wachache katika Afrika nzima, na maradhi kama hayo yakiwafika kutoka vijijini yatawamaliza upesi. Hata anayedhani kwamba mnyama wake hagusi kitu kwa sababu yumo ndani ya kioo na aulizie habari za msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, ambako mijusi wadogo wa rangi ya samawati, wasiopatikana ila katika misitu michache ya upande huo, walikamatwa kwa makumi ya maelfu ili kupamba nyumba za ng'ambo, na mikadi wanamoishi ikakatwa ili iwe rahisi kuwafikia, kabla serikali haijafunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Aliyemnunua mjusi huyo huenda alimpenda kwa dhati. Mapenzi yake hayakuurudisha mti.

Kuhusu chakula, wazee wetu walitangulia kupata tadbiri njema bila ya kufundishwa na mtu. Paka wa Shangani au wa Mikindani alikula vichwa vya samaki na matumbo, akala ukoko wa sufuriani, na kwa ajili yake haikuchinjwa nyama wala hakuvuliwa samaki hata mmoja zaidi ya haja ya watu. Ndiyo kanuni ile ile inayopatikana katika Injili ya Mathayo, pale mwanamke Mkanani anapotaja mbwa walao makombo yaangukayo mezani. Leo imeanza kuingia mijini desturi ya kuwanunulia wanyama chakula cha makopo kilichovuka bahari, na wenye kuianzisha huiona kuwa ni ustaarabu. Lakini mwaka 2017 Gregory Okin, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, alikadiria kwamba chakula cha mbwa na paka wa Marekani peke yao huchukua baina ya asilimia 25 na 30 ya athari zote za kimazingira zinazoletwa na ufugaji wa nyama nchini humo. Katika mji ambao mtoto wa jirani hapati nyama kila wiki, kumpa paka minofu iliyosafirishwa kwa meli ni israfu, na israfu haibadiliki jina kwa kufanywa kwa ajili ya kipenzi.

Najua kwamba nitaambiwa pia kuwa mvuvi apigaye baruti huharibu kwa dakika moja yale ambayo paka elfu hawayaharibu kwa mwaka. Ni kweli, na dhambi yake ni kubwa. Walakini kubwa la mwenzangu halijawahi kuwa kafara ya dogo langu. Baruti iko mikononi mwa mtu nisiyemwona, na kumzuia kunahitaji doria, mahakama na mashua. Ama mlango wa nyumba yangu unahitaji kitasa tu. Mwenye kushindwa na lililo mkononi mwake hana ulimi wa kulikemea lililo mkononi mwa mwingine.

Basi ni yapi yatupasayo? La kwanza, tufuge wachache tunaowaweza, na mbwa tumfuge kwa ile haja ambayo hadithi za Mtume zimeiruhusu, ya shamba, mifugo au uwindaji, pasiwe na mbwa wasio na kazi wala mwenyewe. La pili, paka alale ndani, na mbwa afungwe usiku, hasa katika vijiji vilivyo karibu na fukwe, kama Msimbati, wakati kasa wanapotaga na vifaranga wanapoanguliwa. La tatu, tuwapeleke wakachanjwe: mikoa ya kusini mashariki, pamoja na huu wetu, ilifanyiwa kampeni kubwa za kuchanja mbwa dhidi ya kichaa baina ya 2010 na 2015, na jambo lililowahi kuwezekana haliwi gumu kurudiwa. La nne, tukomeshe ile ada ya kutia vitoto vya paka katika gunia na kuvitupa sokoni au vichakani, ada ambayo humdhulumu kiumbe mara mbili, kwa kumnyima malezi kwanza na kumfanya nunda baadaye. Na kuhusu kuwahasi ili wasizae ovyo, najua kwamba wanazuoni wamekhitalifiana, lakini naona kwamba kanuni yao wenyewe ya kuchukua dhara nyepesi ili kuiepuka nzito inawaelekea wale waliojuzisha. La tano, tusimfunge katika kizimba ndege wala mnyama aliyezaliwa porini, kwa kuwa yeye hakuwa na haja nasi.

Haya hayampunguzii mtu furaha ya kufuga. Paka alalaye mkekani na mbwa amtambuaye bwana wake kwa hatua zake ni neema, na neema huulizwa ilitumiwaje. Sultani Majnuni alihesabu kwamba mwenye paka na mwenye ndama wakiwa ni mtu mmoja, kesi imekwisha. Sisi tumefundishwa kwamba mwenye paka, mwenye kitwitwi na mwenye kasa ni Mmoja, na sisi ni walinzi wake kwa muda tu. Basi kwetu kesi ndiyo kwanza imeanza, na aulizwaye ndani yake ni yule aliyekabidhiwa akili.