AMANA YA MKAGUZI

Ndugu zetu wasomaji, mara nyingi katika darasa zetu twaulizwa: Je, yafaa mtu kumwamini mkaguzi anaposema kuwa chombo hiki ni salama, au unga huu haudhuru, hali twajua kuwa wakaguzi wamewahi kukosea, na wengine wamewahi kununuliwa? Swali hili si dogo, wala si la siasa peke yake. Ni swali la amana, na kila mtu ataulizwa juu ya amana yake.

Kwanza tuliondoe jibu la uvivu. Wako wasemao kuwa ajali ni kadari, na lililoandikwa halizuiliwi na mkaguzi. Kadari twaiamini. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya ngamia, aachwe tu kwa kumtegemea Mungu au afungwe, aliamuru afungwe kwanza, kisha ndipo Mungu ategemewe. Basi atajaye kadari kabla ya kufunga kamba hamtukuzi Mola wake, bali amtwika uzembe wake mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati, na watu 272 wakafa. Chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Ruhusa yake ilikuwa abiria wasiofika 700. Tume iliyochunguza ikaja kusema kuwa waliokufa na wasioonekana wapita 1,500. Zitazameni hesabu hizi mbili. Sheria haikukosekana, na idadi ilikuwa imekwisha andikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama gatini na kusema, “Basi, hapandi mwengine.”

Mtu huyo wazee wetu walimjua. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoeleza kazi za muhtasib alitaja miongoni mwazo kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita uwezo wa chombo kwa kuchelea kuzama, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Basi asidhani mtu kuwa ukaguzi ni bidaa ya serikali za kisasa. Ni haki ya raia iliyoandikwa tangu zaidi ya miaka 900.

Sasa turudi kwenye swali. Hatari ni namna mbili. Iko ionekanayo kwa macho, kama chombo kilichojaa. Na ilisimuliwa kuwa wako waliokataa kupanda Spice Islander walipoiona ilivyosheheni. Na iko isiyoonekana, kama ubovu wa bamba lililo chini ya maji, au sumu ya kuvu katika mahindi. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo ya aflatoksini, na mengi yao yalikuwa ya shamba zao wenyewe. Hapo jicho la mlaji halitoshi. Hapana budi kumtegemea mwenye elimu na vyombo vya kupimia.

Kwa hiyo asemaye, “Mimi simwamini yeyote,” ajidanganya. Kwani hata yeye atakula, na atavuka. Akimkataa mkaguzi huwa amemwamini muuzaji, ambaye faida yake i katika kuuza. Suala si kuamini au kutoamini. Suala ni kumwamini nani, na kwa sharti gani.

Masharti twayaona matatu. La kwanza, mkaguzi asiwe na fungu katika anachokikagua. La pili, kazi yake iwe wazi: idadi ya abiria iandikwe pahali pa kusomwa na kila msafiri, na msiba ukitokea hesabu yake itolewe mapema na kwa ukamilifu. Kweli ikichelewa, uvumi huitangulia, na ikifika haipati wa kuisadiki. La tatu, akikhini aadhibiwe, mkubwa kabla ya mdogo.

Lakini lipo la nne, nalo ni letu sisi. Nakiri kosa langu. Siku moja nalikuwa nikienda mazikoni, nikafika kivukoni lango likifungwa. Kijana wa zamu aliinua mkono kutuzuia. Nikamwambia kuwa janaza yaningoja. Akakitazama kilemba changu, akaona haya, akasema, “Haya, ingia, sheikh.” Nikaingia, na watu kumi au zaidi wakaingia nyuma yangu. Tukavuka salama, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa salama ile ilitufundisha kuwa lango halina maana. Sikumpa hata senti moja, lakini nilimhonga kwa heshima yangu.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu katika jahazi, walio chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwaudhi walio juu. Hawakukusudia uovu, nia yao ilikuwa njema. Lakini wangaliachwa, wangaliangamia wote. Mimi siku ile nalikuwa mmoja wa wenye kutoboa, na msafiri asukumaye langoni ni mwenzangu, na mfanyabiashara atoaye rushwa apate cheti ni mwenzetu. Kisha jioni twakaa barazani tukilalamika kuwa wakaguzi hawaaminiki!

Ndugu zangu, tuwadai wakaguzi amana, na tusichoke kuwadai, kwani roho za watu i mikononi mwao. Lakini siku mlinzi atakapokufungia lango nawe una haraka, usimnunie wala usimtajie jina la babako. Mwambie, “Ahsante, mwanangu,” nawe ungoje feri ya pili.

Wabillahi taufiq.