Haki ya Kuonekana

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, ambako vitu vyote vimetandazwa mbele ya macho ya mnunuzi. Lakini je, kizuri kilichoachwa ndani ya kapu chaweza kujiuza? Swali hili latufaa sana tufikiripo michezo ya vijana.

Katika nchi ya Marekani, vyuo vikuu vingi hutoa msaada wa karo kwa wanafunzi hodari wa michezo. Ili kuwapata, walimu wa michezo wa vyuo hivyo huenda kwenye mashindano ya wavulana na wasichana wa shule, ambako mechi nyingi huchezwa kwa siku chache tu, aghalabu katika viwanja vingi kwa wakati mmoja. Mtazamaji hushika daftari, husimama kando ya uwanja kwa dakika chache, kisha huenda kwingine. Kijana aliyeketi benchi dakika hizo ni kana kwamba hakuja, ingawa wazazi wake walilipa ada sawa na ya wenzake.

Mkimbiaji ana shahidi asiyependelea. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Saa haikuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mchezaji wa kandanda hana shahidi wa namna hiyo. Hawezi kuonekana asipopewa nafasi na mwalimu wake, wala asipopewa mpira na mwenzake.

Wako wasemao kwamba kazi ya mwalimu ni kushinda, na kwamba timu ishindayo hutazamwa na wengi, hata faida ikawafikia wote. Hoja hii ina uzito, lakini haikamiliki. Faida ya kutazamwa humfikia achezaye. Aliyeketi hutazamwa na nani? Apokeaye ada ya kila mmoja kwa ahadi ya kumwonyesha ana deni kwa kila mmoja. Si lazima dakika zilingane kama nafaka iliyopimwa kwa pishi, maana haki si usawa wa vipimo tu. Yatosha kila kijana apate muda wa kweli, mahali anapopaweza, macho yakiwapo.

Mtazamaji naye ana wajibu. Mwaka 1985 wachunguzi walionyesha kwamba miongoni mwa wachezaji hodari wa mpira wa magongo wa barafuni nchini Kanada, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kuliko wa miezi ya mwisho. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Hivyo wa Januari alimzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na ukubwa wa umbo ukadhaniwa kuwa kipawa. Jicho lenye haraka hupotea kwa urahisi.

Mchezaji mwenyewe pia asijisahau. Atamaniye kuonekana peke yake huung'ang'ania mpira, akawanyima wenzake haki ile ile anayoidai.

Basi, msomaji, siku utakapokuwa nahodha au mwalimu, kumbuka kwamba kumpa mtu nafasi si kumpa ushindi. Ni kuondoa kifuniko cha kapu tu. Kilichomo kikiwa kizuri, hapo ndipo kitakapojiuza.